Funda la Mapera

Siku Machogu alipovunja chungu cha baba yake, hakuna mtu aliyekuwa amemtuma. Hilo lisemwe mapema, maana baadaye jamaa zake walimtetea wakidai ilikuwa amri ya serikali. Serikali ilikuwa Kisii mjini, mbali na Nyacheki, na haikuwa na habari kwamba Mzee Nyamongo ana chungu. Machogu alikuwa naibu chifu mpya, mzee wa kanisa la Wasabato, mtu wa shati jeupe na kauli fupi, na alikuwa amejiambia kwamba akitaka kuwakomesha walevi wa kata yake ndogo lazima aanzie kwa baba yake mzazi, ili asiwepo wa kumnyooshea kidole. Akaingia uani mchana kweupe, akawakuta wazee wamekizunguka chungu cha pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake mrefu mdomoni, akakipiga rungu mara moja tu. Pombe ikapita chini ya vigoda vya wazee, ardhi ikainywa.

Nyamongo aliutoa mrija mdomoni, akautazama udongo uliolowa, kisha akamtazama mwanawe.

"Baraka yako ilikuwa humo," akasema.

Kila aliyekuwepo alielewa. Katika ukoo ule, baba akiona siku zake zinaisha humwita mwanawe wa kwanza, hujaza pombe kinywani na kumpulizia kichwani, na kwa pumzi ile humkabidhi boma, mashamba na jina. Mwana asiyepuliziwa anaweza kupata cheo na nyumba ya bati, lakini kwenye mambo ya ukoo hukaa nyuma kama mgeni, na moyoni mwake hajui baba yake alikufa akimpenda au akiwa na kinyongo naye. Machogu alijibu palepale kwamba yeye baraka zake hutoka kwa Bwana. Aliyasema hayo kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika.

Mzee alichukua kigoda chake na fimbo, akakatiza shamba la migomba hadi nyumba ya mjukuu wake Omwenga, mtoto wa Machogu, akaketi mlangoni. Omwenga mwenyewe alikuwa Kericho, kibarua katika kiwanda cha chai. Aliyekuwepo ni mkewe, Kemuma, na kikapu cha majani ya chai kikiwa bado mgongoni.

"Mke wangu," mzee akamwambia, "nimehamia kwako. Tandika kitanda."

Kemuma akacheka, kwa sababu hivyo ndivyo babu anavyotaniana na mke wa mjukuu wake. Kisha akaelewa maana ya kuhama kule, kicheko kikamkauka. Mgusii, mwenyeji wa Kisii, haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hata mvua imnyeshee, hata moto uwake, atasimama uani na kuita. Kuvuka kizingiti kile ni aibu isiyofutika kwa maombi, na Wasabato nao waliushika mwiko huo kama walivyoshika Jumamosi yao. Babu, kwa upande wake, ana ruhusa zote: huingia bila hodi, huketi hata kitandani, na hakuna anayemwuliza. Kwa hiyo katika kata nzima aliyokuwa akiitawala Machogu, nyumba pekee ambamo hangeweza kamwe kumfuata baba yake ilikuwa hiyo, na mzee alikuwa ameichagua akiwa na akili zake timamu.

Wiki za kwanza zilimwumiza Kemuma. Mzee alikuwa mtu wa maneno, mtu wa kuvunja watu mbavu, na sasa alikaa kimya akiutazama ukuta. Uji aliuonja na kuuacha. Rafiki yake Mogire, aliyetahiriwa naye zamani kabla ya Wazungu kujenga chochote Kisii, alikuja kila alasiri na mrija wake kwapani kwa mazoea. Wawili hao waliketi wakitazamana, kati yao hakuna chungu, kama watu waliofika kwenye matanga na kukuta maiti ameshazikwa. Chang'aa, pombe kali ya kienyeji, ya kuletwa kwa siri Nyamongo hakuiweza tena. Ilimchoma koo hadi machozi yakamtoka, naye hakutaka kutoa machozi mbele ya mwanamke, hata kama alimwita mke wake.

Kemuma alikuwa amebatizwa, na pombe hakuwahi kuitia mdomoni. Lakini alikuwa na jambo alilolijua. Kabla ya kuolewa alifanya kazi jikoni kwa mama mmoja wa Kizungu kule Sotik, na mama yule kila msimu wa matunda alikata plamu, akazijaza kwenye mitungi ya kioo yenye midomo mipana, akamimina jini na sukari, akaificha kabatini. Pombe hiyo ilipotoka ilikuwa nyekundu, tamu, laini, na wazee wa Kizungu waliokuwa na koo mbovu kuliko la Nyamongo waliinywa wakifumba macho. Mama yule alipouza shamba na kwenda kwao alimwachia Kemuma ile mitungi. Tangu hapo ilikuwa ikikaa juu ya dari na maharage ya mbegu ndani yake.

Aliwaza siku kadhaa, akaomba, hakujibiwa, akalichukulia jibu hilo vile alivyotaka. Akayamwaga maharage kwenye ungo.

Ng'ambo ya mto alikaa mjane aitwaye Nyanchera, ambaye alipika chang'aa na kusomesha watoto nayo. Kemuma alimwendea na mtungi ndani ya kikapu, juu amefunika mboga. Nyanchera hakumcheka. Alimweleza tu kwamba ile inayotangulia kutoka kwenye mfereji huchoma macho, hiyo humwagwa na mtu asiinusie karibu. Ya mwisho ni majimaji yenye uvundo. Ya katikati ndiyo ya mtu unayemheshimu. Akampa ya katikati.

Mara ya kwanza Kemuma aliharibu. Badala ya plamu aliyakata mapera kama yalivyo, mbegu na yote, akayamiminia ile chang'aa, akayasahau chini ya kitanda muda mrefu mno, akidhani kadiri inavyokaa ndivyo inavyonoga. Mogire alionja, uso ukamkunjika.

"Imekuwa kama kutafuna gome la mti," akasema kwa upole, maana alikuwa mgeni. "Lakini gome zuri."

Mara ya pili aliyachagua mapera yaliyoiva bila kupondeka, yenye nyama nyekundu. Akayamenya, akazichokoa mbegu kwa kijiko, akayakata vipande, akaongeza kipande cha ganda la limau ambalo alikuwa amelikwangua nyama nyeupe ya ndani, ile inayoleta uchungu. Sukari aliitia kidogo kidogo. Akamimina mpaka matunda yakafunikwa kabisa, maana tunda linalochungulia nje huota ukungu. Mtungi aliuweka chini ya kitanda penye giza, akawa anautikisa kila asubuhi taratibu kama anayembembeleza mtoto. Hakuhesabu siku tena. Aliyaangalia mapera yenyewe: yalipopauka na rangi yao yote kuhamia kwenye kinywaji, alijua yametoa yalichokuwa nacho. Akachuja kwa kitambaa safi, mara mbili. Kuonja hakuonja. Alinusa, kisha akazitazama nyusi za Nyamongo.

Nyusi zilipanda. Mzee alikishika kikombe cha bati kwa mikono miwili, akakinusa, akapiga funda dogo, akalizungusha mdomoni. Kisha akaanza kusimulia habari ya fahali mmoja aliyewahi kumkimbiza hadi juu ya mti siku aliyokuwa anakwenda kuchumbia, na Mogire akamkatiza kwamba hakuwa fahali, alikuwa mtamba, na walibishana mpaka ng'ombe wakaanza kurudi. Kemuma alikuwa jikoni. Alijifuta macho kwa kanga na kusingizia moshi, ingawa hapakuwa na mtu aliyemwuliza.

Kuanzia hapo nyumba ilipata uhai. Mzee alianza kula. Alimtania Kemuma, akamwonya kwamba Omwenga akirudi kutoka Kericho itabidi wapigane mieleka, mshindi abaki. Kicheko chake kilisikika hadi kwenye njia inayoshuka mtoni, na siku moja kilimkuta Machogu akipita na rungu lake la kazi. Naibu chifu akasimama. Kicheko hicho hakuwa amekisikia tangu avunje chungu, na alitamani kukisikia tena. Akasogea uani mpaka pale anaporuhusiwa, akageuza uso pembeni kama baba mkwe apasavyo kufanya, akaongea huku akimtazama kuku.

"Mzee anakula?"

"Anakula, Tata," Kemuma akajibu kutoka ndani, akimwita baba kama mkwe apasavyo, naye akiitazama sakafu.

"Anakula nini hasa? Nasikia sauti imerudi."

"Matunda, Tata. Matunda ndiyo yanamfufua."

Wala haikuwa uongo. Lakini Kemuma alilala vibaya usiku ule, na usiku wa pili alilala vibaya zaidi, kwa sababu Machogu aliporudi kutoka mkutano wa machifu mjini alileta kikapu kizima kutoka soko la Daraja Mbili: mapera, pasheni, malimau. Alikiweka uani na kuondoka kabla ya kushukuriwa. Wiki iliyofuata akaleta kingine. Sabato ile alisimama mbele ya kanisa akahubiri kwamba chakula cha Edeni kilikuwa matunda, na kwamba yeye kwa macho yake ameona mzee aliyekata tamaa akirudi katika ujana kwa kula mapera. Waumini wakasema amina. Kemuma alikuwa benchi la nyuma, na alitamani benchi limmeze.

Pasheni zilitoa kinywaji kizuri kuliko mapera. Huo ndio ukweli, japo haukumsaidia chochote.

Kitu kimoja ndicho kilichomnyima raha, nacho si askari wala kanisa. Mzee alikuwa anacheka, lakini miguu ilikuwa inavimba, na kila wiki mkanda wake uliingia tundu jingine. Kemuma alitaka mzee ampulizie mwanawe kabla hajafa. Akifa bila kufanya hivyo, atakuwa amefia kwenye kitanda cha Kemuma akinywa pombe ya Kemuma, na Machogu atapita kwenye njia ile maisha yake yote akiitazama nyumba ambamo baba yake alimkalia na kinyongo. Alijaribu kulisema, akimwita Sokoro, yaani babu.

"Sokoro, mwanao anakuletea matunda kwa mkono wake."

"Nayaona matunda," mzee akajibu. "Yeye simwoni."

"Hawezi kuingia. Unajua hawezi."

"Najua. Ndiyo maana niko hapa." Akaomba kikombe, mazungumzo yakaishia hapo.

Aliyeharibu mambo ni jogoo. Kemuma alikuwa na kawaida ya kuyatupa makapi ya matunda kwenye shina la mgomba, ayafukie baadaye. Ijumaa moja aliitwa kupima majani ya chai kabla ya kuyafukia. Jogoo wa mama mkwe wake Bathsheba, mnyama mwenye majivuno aliyeogopwa na watoto wote, aliyala peke yake bila kukaribisha kuku wengine. Machogu alipofika uani na kikapu chake cha wiki, jogoo alimjia kwa upande upande, akawika jua likiwa utosini, akashindwa kumaliza, akaegemea kiatu cha naibu chifu na kulala.

Machogu alimwinua. Kwa kazi yake alikuwa amezoea kunusa midomo ya watu kwenye mabaraza, na mkono ulimpeleka wenyewe. Akanusa mdomo wa jogoo. Kisha akatazama shina la mgomba, akatazama kikapu alichokileta, akachukua pera moja na kuligeuza kiganjani kama mtu anayetafuta jina lililoandikwa. Kemuma alirudi na kumkuta hivyo. Alijua yamekwisha.

"Yote yamwagwe," Machogu akasema, bila kumtazama. Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyepigwa kofi mbele za watu. "Hapa uani, mbele yangu, kabla jua halijatua na Sabato kuingia. Nisipoona yakimwagwa, Jumapili nitaleta askari. Wao si baba zako. Wao wataingia."

Kemuma alitoa chupa moja moja na kuzimwaga chini. Kutoka ndani Nyamongo alisikia kinywaji kikimwagika, akajua ni nini. Ukabaki mtungi mmoja ambao mapera yake yalikuwa bado hayajapauka. Aliuinamisha, akakinga mdomo wake kwa kitambaa, akamimina kinywaji chote mpaka vikabaki vipande vitupu.

"Na hayo?"

"Hayo ni matunda uliyoyaleta wewe, Tata. Chakula siwezi kukimwaga."

Machogu aliondoka na jogoo kwapani, kikapu akakiacha. Jioni hiyo habari ikavuka mto kwamba naibu chifu amechafukwa, na Nyanchera akafunga mlango wake, akafukia mitambo yake, akaenda kwa dada yake upande wa Nyamira. Kata ndogo yote ikalala kavu.

Asubuhi ya Sabato mzee hakuweza kuinuka. Mikono ilikuwa baridi, pumzi inakuja kwa kusitasita. Kemuma alimwita Mogire, naye akaketi kitandani, akamshika rafiki yake mguu. Kisha akasema lile ambalo Kemuma hakuwa na umri wa kulisema.

"Nyamongo, nataka nikuulize. Tangu ulipohamia hapa, ni nani amekuwa akikunywesha?"

"Huyu mke wangu."

"Yeye alikuwa mpishi. Nani alikuwa analeta?"

Mzee akageuza macho kuelekea uani, kilipobaki kikapu.

"Sisi wengine wana wetu hutuletea pombe kwa kunung'unika," Mogire akasema. "Mimi wangu huniletea chungu kimoja kwa mwaka na kunikumbusha miaka mitatu. Wako amekubebea kutoka Daraja Mbili kila wiki, kichwani, na shati lake jeupe. Hakujua anabeba nini. Alijua anambebea nani."

Nyamongo alitazama dari. Machozi yalimtoka, na safari hii hakujali nani anaona.

"Aje," akasema. "Nitampulizia. Leteni pombe."

Hapo Kemuma akakitazama kikombe kitupu. Pombe hakuna. Aliimwaga mwenyewe, tone kwa tone, kwa amri ya mtu yuleyule anayeitwa apuliziwe. Kwa Nyanchera kumefungwa. Mogire alishika fimbo yake akaenda kanisani, mahali ambapo hakuwahi kuingia, akasimama mlangoni katikati ya mahubiri na kumwashiria Machogu kwa fimbo kama anayeita ng'ombe. Kemuma alibaki na mzee na ule mtungi wa vipande vya mapera.

Alikumbuka kwamba tunda hunywa kabla ya kutoa. Mapera yale hayakuwa yamepauka. Yalikuwa yameshiba na hayajarudisha. Alichukua kitambaa kipya, akakichemsha, akavimimina vipande ndani, akakisokota. Mwanzo halikutoka tone lolote. Akasokota tena, akaegemeza uzito wake wote, viganja vikamwuma, na matone yakaanza kushuka kwenye kikombe, mazito, ya rangi ya waridi, yenye chembechembe za nyama ya tunda. Alipomaliza, kitambaa kilikuwa kikavu na kikombeni mlikuwa na kiasi cha funda moja. Funda moja, la pili halipo.

Machogu alifika anahema, Biblia mkononi, akasimama mbele ya kizingiti. Kutoka hapo aliona mguu wa kitanda na mguu wa baba yake uliovimba.

"Tata," Kemuma akamwambia. Mara hii hakuitazama sakafu. "Mzee hatafika kesho. Amekubali kukupulizia."

Uso wa Machogu ulibadilika, ukafunguka kama wa mtoto, kisha ukafunga tena. Aliuliza mzee atapuliza nini. Kemuma akamwonyesha kikombe.

"Maziwa hayafai?" Machogu akauliza.

"Maziwa ni ya watoto," ikajibu sauti dhaifu kutoka kitandani.

"Kanisani kuna maji ya zabibu. Ya Meza ya Bwana. Naweza kukimbia kuyachukua."

"Mliyachemsha yakafa," mzee akasema. Akavuta pumzi. "Machogu. Mimi sikubatizi. Nakuachia boma langu. Piga magoti ama uende, nimechoka."

Machogu alibaki amesimama. Alikuwa ameapa mbele ya kanisa kwamba pombe haitamgusa, na kwa kiapo hicho alikuwa amevunja vyungu vya watu, amewatoza faini wajane, amemfukuza Nyanchera nyumbani kwake. Alijua vema watamwita nani wakimwona. Akainama, akaiweka Biblia kwenye nyasi mbali na mlango, mahali isipoweza kurukiwa na tone. Kisha akapiga magoti nje ya kizingiti, kichwa ameinamisha, asipitishe hata utosi ndani ya nyumba ya mwanawe.

Kemuma na Mogire wakakiburura kitanda hadi mlangoni. Wakamkalisha mzee, Mogire akimwegemeza mgongo kwa kifua chake. Kemuma akamwekea kikombe mdomoni, akamimina chote. Mashavu ya Nyamongo yakajaa.

Basi mzee akalishika funda lake kinywani. Harufu ya mapera ilijaa mlangoni. Alikuwa amekaa na koo kavu tangu jana, na hili lilikuwa funda la mwisho alilobakiwa nalo duniani, na aliyepiga magoti mbele yake ndiye aliyemmwagia mengine yote. Akafumba macho. Koo lake likacheza. Kemuma aliliona likicheza, akadhani funda limeshuka, akadhani mzee amechagua kwenda nalo. Mogire naye alitazama pembeni.

Nyamongo akapuliza.

Hakuwa na nguvu, na sehemu ilimmwagikia kidevuni, lakini iliyobaki ilitua juu ya nywele za Machogu, ikashuka kwenye paji la uso na shingoni, ikaingia kwenye kola ya shati jeupe. Kipande cha pera kikanata juu ya sikio. Mzee akauweka mkono juu ya kichwa kile kilicholowa, akataja jina la baba yake, na la babu yake, na la aliyemzaa babu yake, kisha akataja la Machogu baada yao. Machogu alikuwa analia bila sauti, mabega yakitetemeka, na hakuna aliyemharakisha.

Alipoinuka, njia ilikuwa imejaa watu. Kanisa lilikuwa limetoka. Walikuwa wanashuka kwa vikundi, Biblia mikononi, akina mama kwa vitambaa vyao vyeupe, na wazee wenzake wa kanisa wakiwa mbele. Kemuma aliona mkono wa baba mkwe wake ukienda kwenye mfuko wa suruali palipokaa leso, ukasita, ukarudi. Machogu aliokota Biblia yake, akatembea moja kwa moja kuelekea kwao. Upepo ulitangulia na harufu yake, na waliokuwa mbele wakasimama, pua juu. Machogu akawapa mkono mmoja baada ya mwingine, akawatakia Sabato njema, akiwakaribia kama alivyowakaribia siku zote, kichwa kikimetameta juani. Hakueleza kitu. Aliyemwuliza alimjibu kwamba anatoka kwa baba yake.

Ndani, mzee alikuwa amelazwa tena, uso umeelekea ukutani. Kemuma alidhani amelala.

"Amejipangusa?" Nyamongo akauliza.

Kemuma akachungulia nje kwa mara nyingine kabla ya kujibu, maana hakutaka kumdanganya tena mtu yeyote.

"Hajajipangusa, Sokoro."

"Basi," akasema mzee, akafumba macho.